Serikali mpya imeingia: niuze hisa zangu kabla sijastaafu?

BARUA

Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi pokea salamu za Moshi, huku Rau.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka 30 na Februari nafikisha 60, kwa hiyo nastaafu kwa lazima. Mume wangu ni fundi seremala, ana karakana yake Majengo. Hana mfuko wowote wa pensheni, hivyo mafao yangu ndiyo mafao yetu wawili.

Mwaka 2009, CRDB walipouza hisa kwa umma, mwalimu mkuu wetu wa wakati ule alituletea fomu shuleni. Sikuelewa sana, ila nilichukua hisa 6,000 kwa shilingi 150 kila moja. Hiyo ni 900,000, na nilikopa kwenye SACCOS ya walimu. Mume wangu alinuna wiki nzima maana tulikuwa tunataka kuezeka. Mwaka 2017 nikaongeza hisa 500 za Vodacom kwa 850. Tangu hapo sijanunua wala kuuza. Karatasi zake ziko kwenye faili la plastiki chini ya kabati, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Sasa tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 sina raha. Siku zile intaneti ilipozimwa nilikuwa nashika simu asubuhi na jioni nione bei ya hisa, nisione kitu. Nilijionea aibu kuwaza hisa wakati kuna watu wanalia misiba, lakini ndiko akili ilikokimbilia. Novemba akaja Waziri Mkuu mpya na baraza jipya. Shemeji yangu anayefanya biashara soko la Mbuyuni akaja nyumbani Jumapili, hata chai hajamaliza, akasema: "Viongozi wakibadilika na sheria zinabadilika. Uza sasa bei ikiwa juu. Pesa yako ni ile unayoishika mkononi." Mume wangu akadakia hapo hapo. Anataka tuuze hisa, tuunganishe na mkupuo, yaani ile sehemu ya mafao ninayolipwa mara moja nikistaafu, tujenge vyumba sita vya kupangisha kwenye kiwanja chetu cha Pasua.

Kijana wetu wa kwanza yuko Dar, naye anasema kinyume kabisa. Anataka mkupuo wote tununulie hisa kwa sababu bei zimepanda sana miaka hii, na eti pesa ikilala benki inaoza.

Mimi nimebaki katikati. Mkupuo wenyewe sijui utakuwa kiasi gani. Pale shuleni kila mtu ana kikokotoo chake, yaani hesabu yake ya mafao: mmoja anasema asilimia 50, mwingine 33, mwingine 25. Mwenzetu aliyestaafu mwaka huu alipata pungufu ya alivyotarajia na hadi leo hajui kwa nini.

Niuze hisa au nisiuze? Na kwenye mkupuo nimsikilize nani, mume au mtoto? Niambie bila kuficha. Nikikosea sasa, sina miaka 30 mingine ya kusahihisha.

Mwalimu wa Rau, Moshi

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye mdogo, na mwalimu hata ukimzidi umri unamwamkia.

Jibu la swali la kwanza nakupa mapema ili usome yanayofuata ukiwa umetulia: hisa zako 6,000 usiziuze kwa sababu ya kuiogopa serikali. Siku ukiziuza, ziuze kwa sababu una kazi ya kufanya na hiyo pesa, au kwa sababu benki yenyewe imeanza kuyumba. Na kabla hujafikiria hisa, kuna pesa yako kubwa kuliko hizo inayoweza kupotea kati ya sasa na Februari bila mtu yeyote kubadilisha sheria. Nitakuonyesha mbele kidogo.

Ile aibu ya Oktoba usiibebe. Mtu aliyebakiza miezi michache kumaliza kazi, na nyumba nzima inamtazama yeye, lazima awaze kesho yake hata siku za msiba. Waliopoteza watu wao wana uchungu usiopimika kwa bei ya kitu chochote, na sitayachanganya na mambo ya soko. Ila jambo moja nataka ulijue. Hisa zako hazikai kwenye simu. Zimeandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye akaunti yenye namba iliyo kwenye zile karatasi zako. Programu ya Hisa Kiganjani ni dirisha tu la kuchungulia. Dirisha likifungwa siku tano, shamba bado lipo.

Shemeji yako anasema viongozi wakibadilika sheria zinabadilika. Hajakosea. Tazama hisa hizo hizo ulizonazo. Mwaka 2015, Rais Kikwete anamaliza muda wake, hisa moja ya CRDB ilikuwa ikiuzwa karibu na shilingi 400. Serikali ya Rais Magufuli ilipoingia, iliagiza fedha za taasisi za umma zitoke benki za biashara zihamie Benki Kuu. Mabenki yaliyokuwa yamezoea kukalia amana za mashirika yakabanwa, na wakati huo huo mikopo mingi ikawa hailipiki. Faida ya 2017 ikaanguka. Gawio la mwaka huo, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 5 kwa hisa. Kwako wewe ni 30,000, na kabla ya kodi. Bei nayo ikateremka mpaka chini ya ile 150 uliyonunulia 2009. Kwa hiyo ndiyo, serikali mpya inaweza kumgusa mwenye hisa, na ilikugusa, pengine bila wewe kujua kwa sababu faili lilikuwa chini ya kabati.

Sasa fuata kilichotokea kwa aliyekaa kimya kama wewe. Gawio la 2020 lilikuwa shilingi 22, la 2021 likawa 36, la 2022 likawa 45, la 2023 likawa 50, na la 2024 likawa 65. Jumlisha: shilingi 218 kwa hisa moja ndani ya miaka mitano, kwa hisa uliyoinunua 150. Gawio la 2024 peke yake, kwa hisa zako 6,000, ni 390,000. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5, inabaki 370,500. Mkopo wa SACCOS ulioukopa kwa roho mkononi ulikuletea kwa mwaka huo mmoja zaidi ya theluthi moja ya ulichoweka. Na katikati ya miaka hiyo mitano alifariki rais aliye madarakani, Machi 2021, akaapishwa mwingine. Aliyeuza wiki ile kwa hofu aliyakosa yote hayo.

Ninachotaka ukione ni njia ambayo siasa inapita hadi kufika kwenye mfuko wako. Sura mpya kwenye picha ya baraza la mawaziri haishushi gawio. Kinacholishusha ni jambo mahususi, kama lile la kuhamisha amana, au kodi mpya, au riba kubadilika. Hayo yakitangazwa yanaonekana, na yanachukua miezi kuingia kwenye hesabu za benki. Kwa hiyo badala ya kuhesabu nani ametoka na nani ameingia, soma hesabu za benki zinazotolewa kila robo mwaka na uangalie mambo mawili: faida, na mikopo isiyolipika. Wewe una bahati ya jirani, maana CRDB wamezoea kufanyia mkutano mkuu wa wanahisa Arusha, pale ukumbi wa AICC, mwezi Mei. Panda basi uende. Mwanahisa wa hisa 6,000 ana haki ya kunyoosha mkono kama mwingine yeyote, na mwalimu wa miaka 30 haogopi kuuliza swali mbele za watu.

Zile 500 za Vodacom, ulizonunua wakati sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zao kwa umma, zimelala chini ya 850 kwa miaka mingi. Ziache au ziuze, hazitabadilisha maisha yako. Zisikunyime usingizi.

Sasa tuje kwenye kikokotoo. Hapa ndipo pesa yako kubwa ilipo.

Wenzako wa pale shuleni wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya mwaka wake. Zamani nyinyi wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mlikuwa mnachukua asilimia 50 kwa mkupuo. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikaushusha mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zikawa kubwa, na Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha, kikarudi cha zamani. Julai 2022, chini ya Rais Samia, kikaanza cha asilimia 33. Kisha 2024 serikali ikatangaza kuwapandisha waliokuwa kundi la 50 hadi asilimia 40. Wewe ni wa kundi hilo. Na angalia vizuri, Mwalimu: kanuni za 2018 na kusimamishwa kwake ni rais yule yule. 33 ya 2022 na 40 ya 2024 ni rais yule yule. Sheria ya mafao ilibadilika mara nne bila kungoja serikali mpya. Ndiyo maana nasema kuikimbia serikali mpya si mpango wa fedha.

Hesabu yenyewe si ya kuogopa, na wewe umefundisha hesabu ngumu kuliko hii. Chukua wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa miaka mitatu bora, gawanya kwa 580, zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Hujaniambia mshahara, kwa hiyo nauchukua 1,450,000 kwa mfano. Kwa mwaka ni 17,400,000. Gawanya kwa 580 unapata 30,000. Zidisha kwa miezi 360, unapata pensheni kamili ya mwaka, 10,800,000. Mkupuo ni asilimia 40 ya hiyo, ukizidisha kwa 12.5 kama kanuni inavyotaka, sawa na 54,000,000. Asilimia 60 iliyobaki unalipwa kidogo kidogo, 540,000 kila mwezi, maisha yako yote.

Kwa kanuni ya zamani, ya kugawanya kwa 540 na kuzidisha 15.5, mwalimu mwenye mshahara huo angechukua karibu milioni 90 kwa mkupuo. Huo ndio uchungu wa mwenzako aliyestaafu mwaka huu, na ni uchungu wa haki. Aliambiwa namba moja wakati anaanza kazi, akalipwa nyingine wakati anamaliza. Sitaupamba.

Lakini rudi kwenye ile 30,000. Kila mwezi mmoja wa mchango unaobeba jina lako unaongeza 30,000 kwenye pensheni yako ya mwaka. Sasa chukulia kwamba katika miaka 30 kuna miezi 12 ambayo mchango haukuingia, labda wakati wa uhamisho kutoka wilaya moja kwenda nyingine, au mwaka wa kwanza kazini. Umepoteza 1,800,000 kwenye mkupuo na 18,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Hakuna kuyumba kwa soko kutakakokufanyia hivyo kimya kimya. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kumjibu shemeji wala mtoto, nenda ofisi ya PSSSF ukaombe taarifa ya michango yako yote, mwezi kwa mwezi. Kaa nayo mezani pamoja na salari slipu ulizotunza. Weka alama kila mwezi wenye pengo. Kisha linganisha jina lako kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye barua ya ajira ya kwanza, na kwenye kumbukumbu za mfuko. Herufi moja, jina la baba upande mmoja na la mume upande wa pili, inatosha kukuchelewesha miezi. Ukikuta tofauti, anza kwa afisa utumishi sasa, ukiwa bado mtumishi na bado una kiti ofisini. Ukisubiri Machi utakuwa mgeni pale.

Sasa hiyo 54,000,000. Mume anataka vyumba, mtoto anataka hisa. Naomba nikueleze kwanza jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo, huko Machame, alistaafu akiwa na mkupuo mzuri kwa wakati wake. Akaanza nyumba ya vyumba nane vya kupangisha kwa mkupuo wote, mwezi wa kwanza tu. Pesa iliishia kwenye linta. Nondo zilizochomoza juu ya linta zikaota kutu, mama mdogo akafunga kamba kati ya mbili akawa anaanikia nguo. Nimeziona nguo zile miaka. Kila nikienda likizo, shuka na kanga zinapepea juu ya pesa ya uzee wao, na baba mdogo ameketi kwenye kigoda upande wa pili ili asizione.

Simlaumu mume wako. Mtu asiye na pensheni anapoona kiwanja, anaona pensheni yake mwenyewe, na fundi seremala anajua kutengeneza milango. Hilo ni jambo la heshima na ningependa apewe nafasi. Lakini vyumba viwili vyenye paa, mlango, choo na umeme vinalipa kodi. Vyumba sita vilivyoishia kwenye linta vinalipa kutu. Mwambie aanze na viwili, kwa kiasi mlichokubaliana na kuandika, na cha tatu kijengwe kwa kodi ya viwili vya kwanza.

Na kijana wako naye hajakosea kwamba pesa iliyolala inapungua. Mfumuko wa bei umekuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa miaka hii, na pensheni ya 540,000 ya leo haitanunua mchele ule ule ukifika miaka 75. Lakini yeye ana mshahara wa mwezi ujao na wewe utakuwa huna. Akinunua hisa leo zikaanguka kama 2015, atasubiri hadi zirudi. Wewe ungekuwa umesubiri gawio la 30,000 kwa mwaka ukiwa na miaka 62. Soko letu pia ni dogo. Siku unayotaka kuuza hisa nyingi kwa haraka, unaweza usipate mnunuzi kwa bei unayoiona kwenye simu. Hatari hiyo anaiweza kijana, si mstaafu.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Kwanza ningelipa deni lolote la SACCOS. Kisha kama milioni 10 ningeiweka mahali ninapoweza kuitoa ndani ya siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, au akaunti ya benki imara, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na miezi ile ya kwanza kabla pensheni haijaanza kuingia vizuri. Vyumba viwili ningevipa milioni 15, si zaidi. Na sehemu kubwa kuliko zote, milioni 24 hivi, ningenunua hatifungani za serikali.

Hapa nakaa kidogo kwa sababu wastaafu wengi wanazisikia tu. Unaikopesha serikali kwa miaka uliyochagua, inakulipa riba kila miezi sita, na mwisho inarudisha mtaji. Unaanzia shilingi milioni moja, unapitia benki yako au dalali mwenye leseni, na Benki Kuu ina tawi Arusha ukitaka kuuliza uso kwa uso. Tuseme riba ni asilimia 12, kwa hesabu tu. Milioni 24 inakuletea 2,880,000 kwa mwaka, yaani 1,440,000 kila baada ya miezi sita, na hatifungani za miaka mitatu kwenda juu riba yake haikatwi kodi. Ukiigawa kwa mwezi ni 240,000 juu ya 540,000 yako ya pensheni.

Na jambo linalokuhusu wewe mwenye hofu ya mabadiliko: mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilianza na riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 serikali ikashusha riba ya mpya hadi 12.56. Walionunua 2021 hawakuguswa. Bado wanalipwa 15.95 yao kwa sababu iliandikwa siku ya kununua. Ubaya wake ni huo huo: riba haipandi mchele ukipanda. Ndiyo maana nakutaka ubaki na hisa zako. Gawio lilitoka 22 hadi 65 ndani ya miaka mitano, na hatifungani haiwezi kukufanyia hivyo. Moja inakulipa kwa uhakika bila kukua, nyingine inakua bila uhakika, na hisa zako ni sehemu ndogo ya mali yako kiasi kwamba hata zikianguka hutalala njaa. Usichukue ya miaka 25 yote. Gawanya, nyingine iwe ya miaka 5 au 10, kwa sababu ukihitaji kuuza kabla ya muda, bei yake inategemea riba za siku hiyo.

Milioni tano zilizobaki za hesabu yangu nimeziacha makusudi. Kila mstaafu ana jambo ambalo haliandiki kwa mshauri: ada ya mjukuu, kaburi la mama linalohitaji kujengewa, paa mlilochelewa kuezeka 2009. Liwekee fungu ili lisije likanyofoa mengine.

Usiweke kila kitu benki moja, hata iwe na jina gani. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, na moja ilikuwa ya hapo Meru. Wakati ule bima ya amana ililipa hadi 1,500,000 tu kwa mtu. Sasa imepanda hadi 7,500,000, lakini bado ni ndogo kuliko mkupuo wako.

Na kuna watu watakaokuja. Jina la mstaafu linanukia mbali. Watakuja na mradi wa kuku, wa madini Mirerani, wa sarafu za kwenye simu, wa kupanda na kuvuna mara mbili. DECI, ule mpango wa kupanda na kuvuna pesa, walipanda mbegu za watu wa mikoa yote hadi serikali ilipowafunga 2009, na wengi waliopoteza walikuwa wacha Mungu na wasomi. Yeyote anayekutaka uamue leo, mwambie unaamua baada ya miezi sita. Anayetaka kukuuzia au kukununulia hisa, hakiki leseni yake kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na pesa ya mauzo iingie kwenye akaunti yenye jina lako, kamwe isipite mkononi mwa mtu.

Kuhusu nani umsikilize kati ya mume na mtoto: waite wote wawili mezani, siku mtoto akija Moshi, na shemeji asiwepo. Usianze na maoni. Anza na taarifa ya PSSSF, namba halisi, umeandika mwenyewe kwa mkono ubaoni kama unafundisha. Mume aone fungu lake la vyumba limeandikwa kwa kalamu. Mtoto aone hisa zimebaki. Ukianza na namba, maneno yatapungua.

Kisha siku hiyo hiyo toa lile faili chini ya kabati. Nakili namba ya akaunti ya hisa, mpe mume nakala moja na mtoto nyingine. Hakikisha akaunti ya benki inayopokea gawio bado iko hai na namba ya simu iliyosajiliwa ni unayoitumia leo. Magawio mengi yanakaa bila wenyewe kwa sababu mwenye hisa alifariki na familia haikujua kama kulikuwa na karatasi.

Ukishapata taarifa ya michango, niandikie tena, uniambie miezi mingapi imeonekana. Kama ni 360, tutapiga hesabu upya kwa mshahara wako halisi. Kama ni pungufu, tutaandika barua ya kudai kabla ya Februari.